Kete Kumi na Tatu za Fundi Vuai

Kete za mkononi hazilindi nyumba. Maneno hayo aliyasema Bibi Kazija juzi mvua ilipokuwa ikipiga, wala hakuyasema kwa upole. Jirani yake, Bwana Shaame, ana bati ishirini mpya uvunguni mwa kitanda, mwaka wa pili sasa. Anangoja zitimie thelathini ndipo aezeke, na huku makuti yamemchokea na maji yanamwagikia godoroni. Vijana waliokwenda kumsaidia kuhamisha vitu walirudi wamelowa chapachapa, wakamkuta bibi anasuka ukili wake, wakamwuliza methali ile ameitoa wapi, maana shuleni hawajafundishwa. Bibi akawaambia wakae mbali kidogo wasimlowanishie ukili. Akasema hakuitunga yeye. Ilizaliwa hapa hapa Pangamawe, na ilivyozaliwa ni hivi.

Wakati ule lami ilikuwa haijafika. Palikuwa na baraza moja tu la maana, lile la mawe mbele ya mkahawa wa Mzee Ussi, na kila mwanamume aliyejiona mtu alikaa pale baada ya sala ya alasiri. Katikati ya baraza palikuwa na bao la mti wa mfenesi, limechongwa na Pandu Mcha, seremala. Mwenye kulitawala bao hilo alikuwa rafiki yake, Vuai Mkadamu, mshona kanzu. Huyu watu walimwita fundi mara mbili, fundi wa sindano na fundi wa kete. Vuai na Pandu walikuwa chanda na pete. Walitahiriwa siku moja, wakaoa mwaka mmoja, na kahawa walikunywa kwa kupokezana kikombe kimoja, ingawa Mzee Ussi alikuwa na vikombe vya kutosha.

Nanyi mnaojua mpira tu, sikilizeni kidogo habari ya bao, la sivyo hamtaambulia kitu. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo, ya mbele na ya nyuma. Anaanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Katika zile kumi, sita zinakaa pamoja kwenye shimo moja la mraba safu ya mbele, na shimo hilo ndilo linaloitwa nyumba. Kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Ukiiweka mahali panapotazamana na kete za mwenzako, unazila zake na kuzisambaza kwako. Lakini kuna sharti moja, na hadithi yote imesimama juu ya sharti hilo. Kete ya mkononi haiingii ila katika shimo la mbele ambalo tayari lina kete. Safu yako ya mbele ikifagiliwa, hata kama mkono wako umejaa, huna pa kuweka. Hapo umefungwa mkononi, na kufungwa mkononi ni aibu ambayo mtu huisikia mpaka kwenye mifupa.

Vuai na Pandu walipokuwa vijana, waliongeza kanuni yao wenyewe kwa mzaha. Atakayefungwa mkononi ataondoka barazani, hata kahawa hatakunywa pale, mpaka mtu wa nyumba yake aje kumfunga mkononi yule aliyemfunga. Walicheka sana siku hiyo. Mzaha wa vijana ukikaa miaka thelathini huwa sheria ya wazee, na wale walioutunga hawana tena ruhusa ya kuufuta.

Basi siku moja Vuai alimfunga Pandu, na Pandu alikuwa amebakiwa na kete moja tu mkononi. Moja! Angalipata zamu moja zaidi kabla ya kufagiliwa angaliiingiza, na kufungwa kwake kungalikuwa kufungwa kwa kawaida tu. Watu wakatazamana. Pandu akaiweka ile kete ukingoni mwa bao alilolichonga mwenyewe, akavaa makubadhi yake, akaenda zake nyumbani. Vuai alidhani kesho atarudi, atatukanwa kidogo, mambo yatakwisha. Hakurudi kesho, wala mwezi uliofuata. Alikuwa mtu wa kushika neno. Akawa anakwenda msikitini kwa njia ya nyuma, penye mihogo, ili asipite mbele ya baraza.

Ikapita miaka sita. Kila siku Vuai alikata shauri kwamba leo atakwenda kwa Pandu amwambie, ndugu yangu, achana na upuuzi huu, rudi. Na kila siku alisema, kesho. Akishona kanzu alikuwa akiyapanga maneno yenyewe, neno kwa neno, mpaka akayahifadhi. Hakuyasema. Aliona haya, na haya ya mtu mzima ni mzigo mkubwa kuliko ya mtoto. Kwa upande mwingine, tusimsafishe sana, alikuwa anapenda kuitwa bingwa.

Sasa Pandu alikuwa hana mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Mize, mjane wa miaka arubaini, mkunga wa Pangamawe. Nusu ya watoto wa kijiji walipokewa na mikono yake. Ijumaa moja, baada ya alasiri, wanaume wameshakaa na Mzee Ussi anamimina kahawa, Mize akaja na kanga zake mbili, akasimama mbele ya baraza, akatoa salamu. Wakamwitikia. Kila mmoja akajiuliza ni mke wa nani kashikwa na uchungu.

"Ami Vuai," akasema Mize, "baba hajiwezi tena. Miguu imevimba, na usiku hahemi vizuri. Nina hofu mvua za masika hazitamkuta. Ameniambia kitu kimoja tu anachokitaka duniani, akae tena barazani na wenzake kabla hajafa. Mimi ni mtu wa nyumba yake. Nimekuja kucheza."

Baraza likachangamka. Mmoja akasema bao si jungu. Mwingine akasema haijapata kuonekana mwanamke kucheza barazani. Vuai alishtuka kusikia kwamba Pandu hajiwezi, kwa sababu hilo hakulijua, na kutolijua kulimuuma. Lakini mdomo wake ulizoea mzaha, ukatoa mzaha.

"Kanuni imesema mtu wa nyumba yake, haikusema mwenye ndevu," akasema. "Mpisheni mwanangu akae. Na wewe Mize, nikikufunga usinilaumu. Nitakufunga polepole, kama ninavyoshona."

Watu wakacheka, na Mize akatabasamu pia. Akakunja miguu upande wa pili wa bao, akachukua kete zake ishirini na mbili katika upindo wa kanga.

Hapa lazima niseme jinsi Pangamawe walivyokuwa wakicheza. Kete kumi za mwanzo waliziita kete za salamu. Mtu alikuwa hashambulii katika hizo. Ilihesabika kukosa adabu. Wachezaji walikuwa wakiulizana habari za shamba, wakinywa kahawa, wakila kidogo pale sheria ya bao ilipowalazimu, na kila kilicholiwa wakikipeleka kulala katika nyumba zao, nyumba ikinenepa. Vuai ndiye aliyekuwa hodari wa mtindo huo kupita wote. Nyumba yake ilikuwa ikifika kete kumi na tano, ishirini, huku mashimo mengine ya mbele yamekauka. Halafu, salamu zikishakwisha, aliivunja nyumba akasafiri nayo bao zima, na mwenzake hasalimiki. Wote walijifunza kwake, wote walicheza kama yeye, na ndiyo maana hakuna aliyepata kumwuliza, na nyumba ikichukuliwa kabla hujaivunja, utakuwa na nini?

Wakaanza. Vuai akaweka ya kwanza kivivu, macho yake yako kwenye kikombe.

"Babako anakula?" akauliza.

"Uji tu, ami." Na Mize akaweka yake.

Mpaka kete ya tano Vuai hakuona kitu. Alikuwa anamfikiria Pandu na uji wake. Kwenye ya sita aligundua jambo dogo, nalo likampita kama nzi. Mize hakuwa ananenepesha nyumba. Alikuwa ametandaza kete zake safu yote ya mbele, mbili hapa, tatu pale, kama mtu anayetandika mkeka kabla wageni hawajafika. Na alikuwa akiweka upesi. Vuai akinyanyua kikombe, yeye kashaweka.

"Mbona mbio, mwanangu?" akasema Vuai. "Bado tunasalimiana. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo," akasema Mize bila kuinua macho. "Mimi mkunga, ami. Mtoto akikaa vibaya hungojei akue."

Barazani wakaguna kwa raha. Mize akaingiza kete yake ya nane, akala mbili, akazisambaza, na ya mwisho ikaangukia katika shimo tupu. Shimo lenyewe lilikuwa linatazamana uso kwa uso na nyumba ya Vuai. Kete moja tu, imekaa pale peke yake.

Vuai aliiona. Wanangu, msifikiri hakuiona. Angaliweza kuila palepale, kwa kuingiza kete katika nyumba yake mwenyewe. Lakini kwenye kona palikuwa na kete nne za Mize zimekaa wazi, na nne ni nyingi kuliko moja, na hizo nne akizila zitakuja kulala nyumbani kwake vizuri sana. Isitoshe, ile ilikuwa kete ya tisa. Salamu zilikuwa hazijakwisha. Nani angemshambulia mtu kabla ya salamu kwisha? Akala zile nne. Zikaja moja moja, ya mwisho ikalala nyumbani, na nyumba ikawa na kete kumi na nne. Akajiegemeza ukutani, akanyoosha mkono kupokea kahawa.

Mize akavuta pumzi. Akaichukua kete moja kutoka kwenye upindo wa kanga, akaiweka juu ya ile iliyokaa peke yake.

Kisha akanyoosha mkono, akaikomba nyumba ya Vuai yote.

Mzee Ussi alikuwa anamimina, akaendelea kumimina mpaka kahawa ikajaa kikombe ikamwagika barazani, na hakuna aliyemwambia. Mkono wa Mize ulikuwa mdogo na kete kumi na nne ni nyingi, ikambidi azishike kwa mikono miwili, na watu walisema baadaye kwamba alizishika kama anavyoshika kichwa cha mtoto anayetoka. Akaanza kuzisambaza. Zikateremka safu ya mbele, zikapinda, zikapanda safu ya nyuma. Ya mwisho ikakuta wenzake, akazikomba zote, akaendelea. Ikaangukia mbele. Akala mbili. Akasambaza, akazunguka tena. Hakukosea shimo hata moja, wala hakusita. Kulikuwa na sauti moja tu pale barazani, ya kete zikigonga mti wa mfenesi, tok, tok, tok. Hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka kwa sababu ya ule ukimya.

Vuai alisahau kwamba anafungwa. Hilo alilisema mwenyewe mpaka anakufa. Miaka arubaini amecheza bao, na hakupata kuona jambo kama lile. Kila kete aliyoidhania imetupwa ovyo tangu mwanzo, zile mbili za hapa na zile tatu za pale, ilikuwa imewekwa ili mzunguko huu upite juu yake. Ilikuwa njia, na yeye alikuwa akimwangalia mtu anaijenga mbele ya macho yake huku akimwuliza habari za uji. Akanong'ona "Subhanallah," na wala hakujua kama amesema kwa sauti.

Kete ya mwisho ikala tatu za mwisho. Ikazunguka, ikafika shimo tupu, ikalala. Mize akaweka mikono yake magotini.

"Zamu yako, ami," akasema.

Vuai akafungua kiganja chake cha kushoto. Kete kumi na tatu. Akachukua moja kwa mazoea, akaipeleka juu ya safu yake ya mbele, na mkono ukabaki hewani. Shimo la kwanza tupu, la pili tupu, na lile la mraba lililokuwa limeshiba mno lilikuwa tupu vilevile. Akaupeleka mkono mpaka mwisho wa safu, akaurudisha. Watu wote walikuwa wanaufuata mkono ule kwa macho. Kete anazo, pa kuziweka hana.

"Nani kakufundisha?" akauliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Unamjua," akasema Mize. "Tulichimba mashimo ardhini, uani, nyuma ya jiko. Miaka sita tumelicheza lile bao mlilocheza nyinyi wawili. Mwanzoni alidhani alifungwa na kete ya mwisho. Baadaye akaniambia, hapana, mwanangu, nilifungwa kwenye salamu. Nilikaa nanenepesha nyumba, na mlinzi hata mmoja sikumweka."

Vuai akasimama. Kanuni ni kanuni, na yeye ni mmoja wa walioitunga. Kuanzia siku ile baraza lile halikuwa lake. Wenzake wakamsihi, wakasema ni mzaha wa kale, kaa bwana. Akatikisa kichwa. Akavaa makubadhi yake, akateremka, na zile kete kumi na tatu alikuwa bado amezifumbata bila kujijua.

Hakwenda nyumbani kwake. Akashika njia ya nyuma, penye mihogo, ile ambayo Pandu alikuwa akiipita. Akamkuta Pandu uani, amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi kwa sababu viti vilimwumiza, miguu imevimba, na mbele yake mashimo ya ardhini yenye kokoto. Miaka sita walikuwa hawajatazamana karibu namna ile. Vuai akaona rafiki yake amekuwa mzee.

Pandu akamtazama usoni, kisha akautazama mkono uliofumbwa. Akaelewa.

"Umebaki na ngapi?" akauliza.

Vuai akafungua kiganja. Pandu akazihesabu kwa kidole, polepole. Alipofika kumi na tatu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka machozi yakamtoka, na Vuai akacheka naye huku analia waziwazi.

"Mimi nilibaki na moja tu, wakanifukuza," akasema Pandu. "Wewe wakufukuze mara kumi na tatu."

"Pandu, sikiliza," akasema Vuai, akakaa chini mavumbini na kanzu yake nyeupe. "Haya ya bao ni madogo. Maneno ya kukurudisha nilikuwa nayo tangu siku ya pili. Nimeyashika miaka sita. Kila siku nasema kesho, kama vile kuwa nayo kunatosha. Na urafiki wetu ukawa unafagiliwa shimo kwa shimo, mimi natazama. Leo binti yako kanionyesha. Kete za mkononi hazilindi nyumba, ndugu yangu."

Pandu akainama kwa tabu, akaziondoa kokoto zote katika yale mashimo ya ardhini, akanyoosha mkono apewe zile kete.

"Barazani mimi nimeruhusiwa na wewe umekatazwa," akasema. "Kwa hiyo barazani siendi. Hapa nyuma ya jiko hakuna kanuni. Kaa vizuri. Na leo hakuna kete za salamu, tumeshasalimiana."

Mize aliporudi amebeba bao la mfenesi kichwani aliwakuta wanagombana juu ya zamu, na uji umeganda bakulini. Ijumaa iliyofuata Mzee Ussi aliona baraza lake halina mtu, akachukua mabirika yake akahamia uani kwa Pandu. Wote wakahamia. Pandu alikaa na wenzake kila alasiri, akanywa kahawa katika kikombe kimoja na Vuai, akawafunga na akafungwa. Masika yalimkuta, kinyume na hofu ya Mize, na yalipokwisha akafariki, naye Vuai ndiye aliyemshonea sanda.

Bibi Kazija alipofika hapo alikata ncha ya ukili kwa meno. Mvua ilikuwa bado inapiga. Kijana mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo kusema Bwana Shaame ana kete ishirini uvunguni.

"Nyinyi mna mikono na kule kuna ngazi," akasema bibi. "Mvua ikipumua tu, nendeni mkamtolee zile bati mkaziezeke, hata kama hazitimii. Akipiga kelele mwambieni ni mimi. Ishirini zilizoko juu zitamzuilia mvua nusu ya nyumba, na thelathini za uvunguni hazizuii tone. Mwambieni mmeshajua. Kete za mkononi hazilindi nyumba."